Mwaka Niliotafuta Piano

Ujumbe wa Atieno ulinikuta kazini siku ya Alhamisi, hedifoni kichwani, nikisikiliza tangazo la sabuni kwa mara ya arobaini hivi. "Mwende, mzee ametuacha. Maombi ni Jumamosi saa nane, hapa nyumbani Buruburu. Kuja kama unaweza." Tulikuwa tumekaa miaka tisa bila kuandikiana hata salamu. Niliusoma ujumbe ule tena na tena nikitafuta lawama katikati ya maneno, maana ndivyo ninavyosoma kila kitu, na sikuiona. Kisha nikafungua folda ambayo nimekuwa nikiihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili. Ndani yake mna faili kumi na saba, na la mwisho linaitwa "Mluzi mwisho kabisa 17". Nikalitazama bila kulifungua. Kompyuta yangu ya sasa ina piano kumi na nne. Hakuna hata moja iliyonisaidia kuumaliza wimbo ule.

Mwaka niliokuwa na umri huo nilikuwa nikiishi mtaa wa Umoja, chumba kimoja ghorofa ya tatu, juu ya saluni ambako Atieno alikuwa akisuka nywele. Kitanda, meko ya gesi, na meza niliyoisukuma ukutani mbali na dirisha ili maikrofoni isinase barabara. Mlangoni nilitundika blanketi mbili, moja ya kijivu na moja yenye picha ya simba, na kila aliyeingia ilibidi aziinue kama mtu anayeingia hemani. Kelele za jengo lile nilizijua kuliko majina ya wakazi wake. Juu yangu Mama Kwamboka alishona sare za shule, na cherehani yake ilitetemesha kijiko ndani ya kikombe changu siku sita kwa wiki. Ng'ambo ya barabara mafundi wa mageti walikata vyuma. Lakini Mama Kwamboka alikuwa Msabato, na Jumamosi cherehani ililala. Mafundi nao siku hiyo walichelewa, hawakuanza kabla ya saa tano. Kwa hiyo dunia ilinipa saa mbili kwa wiki, Jumamosi kuanzia saa tatu, na saa hizo Atieno naye alikuwa na nafasi, kwa sababu wateja wake wa wikendi nao walianza kujaa saa tano.

Tulianza hivi. Mwezi wa Februari nilishuka kusukwa, na Atieno, mikono kichwani mwangu, akawa anaimba kitu nisichokijua. Nilimuuliza ni wimbo wa nani. Akasema, "Wa baba yangu. Yaani nimemtungia. Usicheke." Sikucheka. Nilimwomba arudie, na mpaka mistari ya kichwa changu ilipofika kisogoni nilikuwa nimeshaushika. Ulikuwa wimbo wa mtoto anayemjua babake kwa mluzi anaoupiga akirudi kazini jioni: *Nilikujua kwa mluzi kabla hujafika getini, nikakimbia na patipati zako mkononi.* Ubeti uliishia kwa swali: *Na siku usipopiga, nitajuaje umefika?* Kisha likaja jibu, ambalo Atieno aliliimba polepole akinivuta nywele hadi machozi yakanitoka: *Nitafungua mlango, Baba, nitafungua tu.*

Babake, Mzee Odhiambo, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana ya vyuma. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa tayari. La kulia, daktari alisema, lilikuwa likifuata, na huenda lisiumalize mwaka. "Nataka ausikie angali anasikia," Atieno alisema. "Si kuimbiwa jikoni. Nataka uwe wimbo kamili, na piano, kama ya redioni. Wewe si una vitu vya muziki huko juu?" Nilikuwa na kompyuta ya mkono wa pili, maikrofoni moja, na kibodi ya plastiki yenye vibonye ishirini na vitano. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa haraka sana, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa maisha yake yote, na nafikiri kweli nilikuwa nikisubiri.

Kwa asiyejua kazi hii, siku hizi huhitaji kuwa na piano ili upige piano. Mtu huko mbali amerekodi piano halisi, kibonye kimoja kimoja, kwa upole na kwa nguvu, akaifanya programu. Wewe unabonyeza plastiki yako Umoja na piano yake inalia. Nyingine hutolewa bure, nyingine ni za bei nafuu, na nyingine bei yake ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwa video zilizokwama katikati na kwa mabaraza ya mtandaoni ambako watu wasiojuana walitukanana kwa sababu ya fidla. Piano ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya bure, na ilikuwa nzuri. Naandika hivyo leo kwa uhakika: ilikuwa nzuri. Ilikuwa na joto kidogo, na chini ya kila noti palisikika mguno wa mbao, kana kwamba chombo kile kilikuwa kikikaa vizuri kitini. Niliipenda siku tatu. Siku ya nne nikasoma mahali kwamba piano hiyo ni ya wanafunzi, kwamba sauti zake za juu ni za plastiki. Tangu hapo sikusikia kingine ila plastiki.

"Plastiki iko wapi?" Atieno aliuliza Jumamosi iliyofuata. Alikuwa ameketi kitandani akila chapati na maharagwe kutoka kwenye bakuli la mkebe, hedifoni shingoni.

"Sikiliza hapa. Ting. Hapo mwishoni."

"Mimi nasikia piano."

"Sikiliza tena."

"Mwende, nasikia piano. Baba yangu ana sikio moja na nusu. Hiyo plastiki atasikia na nini?"

Nilicheka, ingawa moyoni nilijua jibu, na lilikuwa baya. Si mzee aliyenihangaisha. Nilikuwa nikiwawazia wale wasiojuana wa mabarazani, nikiwaona wamejipanga kitandani kwangu pamoja na Atieno, mikono kifuani, wakisubiri noti ya juu. Kila nilichokifanya mwaka ule nilikifanya mbele ya watu hao ambao hawakujua kwamba niko duniani.

Mwezi wa Aprili nilikuwa nimejaribu piano saba za bure. Moja ilikuwa nzito mpaka kompyuta ikagoma na feni ikapiga kelele kuliko mimi. Nyingine ilikuwa na mwangwi wa kanisa ambao haukuondoka hata ungefanya nini. Kim, aliyeuza intaneti chini ya jengo la pili na aliyenipakulia vitu vizito kwa laini yake, alichoka kuniona nikiingia na flashi yangu. "Sista, chukua hii," akaniambia siku moja, akisukuma flashi nyingine mezani. "Piano kubwa, ile ya maproduza. Imevunjwa tayari, hailipiwi. Kila mtu Eastlands anatumia." Nilikataa. Ningependa kusema nilikataa kwa sababu ya uaminifu. Nilikataa kwa woga kwamba siku moja, kwa njia nisiyoielewa, mtu angesikiliza wimbo na kujua. Kim akatikisa kichwa. "Wewe utazeeka ukitafuta," alisema. "Basi pakua ya majaribio. Hiyo ni halali."

Ya majaribio ilikuwa ndiyo ile ile piano kubwa, ila waliokuwa wakiiuza waliitia hila: kila baada ya dakika moja ilinyamaza sekunde nne, kisha ikaendelea. Ukitaka isinyamaze, nunua. Niliposikia noti zake za kwanza nilitoa hedifoni nikatazama ukuta. Hakukuwa na plastiki. Nikaamua kwamba hii ndiyo, kwamba nitaweka akiba niinunue, na kwamba wakati huo huo turekodi sauti ya Atieno juu ya ile ya majaribio, iwe ya kupimia tu, nione piano inavyokaa na sauti yake. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Nakumbuka mvua ilikuwa imenyesha na mitungi ya maji ilikuwa ikigongana ngazini. Atieno alisimama mbele ya maikrofoni na aproni ya saluni, kitana kimechomekwa nyweleni. Aliimba. Alipofika kwenye swali, *nitajuaje umefika*, dakika ikaisha na piano ikanyamaza.

Hakukatiza wala hakushtuka. Alinitazama tu, macho makubwa, na mimi nikainua vidole nikimhesabia kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, nne, na piano iliporudi akaingia nayo pamoja kana kwamba walikuwa wamepatana: *Nitafungua mlango.* Tulipomaliza tulicheka hadi tukakaa sakafuni. "Hiyo ndiyo, bana," alisema. "Usirudie." Nikamwambia haiwezekani, kuna shimo katikati ya wimbo, na mnong'ono wangu ndani ya shimo, na kiti kimelia. "Nipe basi niwe nafanyia mazoezi," akasema. Nilimwekea kwenye simu. Kabla sijaiachilia ile simu nilimwapisha. Hakuna mtu atakayesikia. Hata nani. Hata babako. Akaweka mkono kifuani kwa mzaha na kusema, "Haki ya Mungu, hakuna." Mimi sikuwa na mzaha.

Mwezi wa Agosti alinipeleka kwao Buruburu chakula cha Jumapili. Nakumbuka sebule yenye vitambaa vyeupe migongoni mwa viti, kuku wa kuchemsha, ugali, na redio iliyowekwa upande wa kulia wa kiti cha mzee kwa sauti ya kuumiza. Alikuwa ametoka kununua gazeti. Tulimsikia kabla ya kumwona: mluzi kutoka getini, noti tano. Atieno aliinuka kwa mazoea hata kabla ya kufikiri. Lakini mluzi ulikuwa umeanza kuacha njia. Noti ya nne ilishuka chini ya mahali pake, kwa sababu aliyeupiga hakuwa akiusikia vizuri tena yeye mwenyewe. Nilimtazama Atieno na nikaona naye amesikia. Nataka kukiri nilichowaza wakati ule. Nilitamani kuirekebisha ile noti. Nilikuwa kwenye nyumba ya mtu anayepoteza sauti ya dunia, na vidole vyangu vilikuwa vikitafuta kitufe cha kuipandisha juu kidogo.

"Kumbe wewe ndiye daktari wa piano," mzee alisema, akinigeuzia sikio la kulia. "Huyu ananiambia kuna wimbo wangu uko jikoni. Umeiva?"

"Bado kidogo, Baba!" nilimjibu kwa sauti ya juu.

"Nini?"

"Bado kidogo!"

"Haya. Lakini usiuache jikoni mpaka uungue. Mimi nala hata wenye chumvi kidogo." Akacheka, akanisukumia paja la kuku.

Nilienda nyumbani na paja lile tumboni na nikabadilisha mpigo wa wimbo mzima. Mwezi wa Septemba nikatoa fidla nilizokuwa nimeziongeza. Oktoba nikazirudisha. Atieno alikuja kila Jumamosi, baadaye Jumamosi mbili kwa mwezi, na alipokuja aliketi kitandani akitazama simu yake huku mimi nikimchezesha piano A na piano B na kumwuliza ipi. "Ya kwanza," alisema. "Sawa ngoja, sasa hizi." "Ya kwanza." "Lakini nimezigeuza, ya kwanza sasa ni ile ya pili." Akaweka simu chini. "Mwende," alisema, "wewe hulali?"

Mwishoni mwa Novemba ile piano kubwa iliuzwa nusu bei kwa wiki moja. Niliinunua. Kwa Kim ilichukua siku mbili kupakuliwa, na Jumamosi ile ilikuwa imetulia ndani ya kompyuta yangu, kamili, bila mashimo. Nilikuwa nimeosha chumba. Nilikuwa nimenunua maandazi. Atieno aliinua blanketi ya simba akaingia, na sikumpa nafasi ya kusalimia. "Imefika! Leo tunarekodi ya ukweli."

"Baba hasikii tena," alisema.

Nikamwambia labda kwa hedifoni nzuri. Niliyasema maneno hayo. Nikamwambia kuna hedifoni zinazopitisha sauti kwenye mfupa, nimesoma mahali. Yeye alikuwa amesimama pale pale, blanketi begani. "Tangu Februari," akasema. "Wewe hukuwa unatengeneza wimbo wangu. Ulikuwa unatafuta piano." Hakupiga kelele. Aliteremka ngazi, na baada ya dakika chache nikasikia kikaushio cha nywele kikiwaka huko chini. Januari nilihama. Katika miaka iliyofuata nilipata kazi ya sauti, nikajifunza kumaliza vitu vya watu wengine kwa tarehe waliyotaka, sabuni, benki, unga. Ule mmoja niliuhamisha tu kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Jumamosi hii, basi, nilifika Buruburu saa nane kasoro. Hema lilikuwa limefungwa kati ya geti na mlango, viti vya plastiki vimejaa, na kina mama walikuwa wakipitisha chai. Nilikaa nyuma. Atieno alikuwa mbele na kwaya ya kanisa lao, mnene kidogo kuliko zamani, kitambaa cheusi kichwani. Walisimama kuimba, na wimbo ulipoanza nilishika kiti cha mbele yangu. *Nilikujua kwa mluzi.* Waliuimba kwa sauti nne, bila kinanda, watu ishirini ambao sijawahi kuwaona. Walifika kwenye swali. *Nitajuaje umefika?* Kisha kwaya nzima ikanyamaza. Mkono wa Atieno ulikuwa hewani, akikunjua kidole kimoja kimoja, na sikuhitaji kuvitazama, kwa sababu nilikuwa nikihesabu. Cha nne kilipofunguka wakaingia pamoja. *Nitafungua mlango, Baba.* Mwanamke aliyekaa kando yangu aliniuliza kama nina leso. Sikuwa nayo. Akanipa yake.

Baadaye nilimkuta Atieno nyuma ya nyumba akisuuza vikombe kwenye beseni. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha. Yeye alisuuza, mimi nikakausha, kikombe baada ya kikombe.

"Kwa nini mnanyamaza pale?" niliuliza.

"Si ndivyo wimbo ulivyo?"

"Ilikuwa hila ya kuuza programu, Atieno. Haikuwa sehemu ya wimbo."

"Najua." Alisuuza kikombe kingine. "Nilimsikizisha. Ile ya simu. Juni hiyo hiyo, wiki hiyo hiyo, na hedifoni zangu za saluni. Haki ya Mungu haikumaliza hata siku mbili. Alikuwa anaitaka kila jioni mpaka sikio likafunga. Na pale piano inaponyamaza, unajua alikuwa anafanya nini? Anapiga mluzi wake. Noti tano, zinatosha pale kabisa. Kisha ananiangalia hivi, kama mtu ameweka kitu mahali pake."

Niliendelea kuzungusha kitambaa ndani ya kikombe kilichokuwa kikavu tayari.

"Aliniuliza, nani huyo anahesabu huko ndani? Nikamwambia ni Mwende. Akasema, mwambie hesabu yake ni nzuri, ananipa nafasi."

"Mbona hukuniambia?"

Alimwaga maji ya kikombe. "Mwanzo, kiapo. Halafu ile siku ya maandazi nilitaka uumie kidogo. Kidogo tu. Halafu miaka ikapita na nikaona haya." Alijifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni. "Ile simu iliibiwa sokoni Muthurwa mwaka uliofuata. Sina tena. Ijumaa tunampeleka nyumbani kijijini kumzika, na ningependa ipigwe pale. Unayo?"

Nikasema ninayo.

"Si ile nzuri. Ile yenye shimo."

Sasa ni Jumapili asubuhi, na faili namba moja liko wazi mbele yangu. Leo nalifungua kwa mara ya kwanza tangu Juni ile. Piano ni nzuri, ila si nzuri kuliko ile ya bure. Mitungi ya maji inagongana ngazini. Kuna kelele ya chini ambayo ningeiondoa kwa kubonyeza mara moja, na kiti kinalia, na kitana cha Atieno kinagusa maikrofoni mahali fulani. Anauliza, nitajuaje umefika, na piano inanyamaza. Kisha nasikia msichana wa miaka ishirini na miwili, karibu sana, ananong'ona moja, mbili, tatu, nne. Kwa miaka tisa niliamini kwamba mzee hakuwahi kuusikia wimbo wake; kumbe aliusikia kila jioni, nami nilikuwa ndani yake. Nimeurudia mara tatu, na kila mara nimeitoa mikono kwenye kibodi nikaiweka mapajani. Kisha nimeutuma kwa Atieno kama ulivyo.